Bodi ya 1969, injini ya leo

Mwanzoni mwa mwaka 1963 wakubwa wa General Motors walizipiga marufuku kampuni zao zote kushiriki mashindano ya magari. Kwa Pontiac, iliyojijengea jina kwenye viwanja vya mbio, amri hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa duka. Mhandisi mkuu wake, John DeLorean, na wenzake Bill Collins na Russ Gee wakaligeukia gari la kawaida la familia, Tempest. Waligundua jambo ambalo fundi yeyote angelifurahia: injini kubwa ya Pontiac, ya lita 6.4, ilikuwa na umbo la nje sawa na ile ndogo, na ilikaa kwenye maunti zilezile. Unachomoa hii, unachomeka ile, unafunga boneti.

Kikwazo kilikuwa makaratasi. Kanuni za ndani za General Motors hazikuruhusu gari la ukubwa ule kubeba injini inayozidi lita 5.4. DeLorean akapitia mlango wa uani. Hakuomba kibali cha gari jipya. Aliiingiza injini ile kwenye orodha ya nyongeza ambazo mteja huchagua mwenyewe, pamoja na redio na rangi ya viti. Nyongeza hiyo ikaitwa GTO, herufi zilizochukuliwa kwa Ferrari bila haya. Waliokuwa na matumaini makubwa walitaja magari 5,000. Msimu wa 1964 yaliuzwa 32,450.

Kisa hiki kina kazi yake. Leo Marekani imejaa gereji zinazochukua Camaro, Mustang, Charger au Chevelle ya miaka ya 1960, zikaacha sura yake na kubadilisha karibu kila kilichomo ndani: injini, gia, breki, usukani, nyaya. Wenyewe huyaita magari hayo restomodi. Wahafidhina wanasema huko ni kuinajisi historia. Historia yenyewe inawakana, maana gari linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza katika ukoo wa magari ya misuli, yaani magari ya kawaida yaliyotiwa injini kubwa, lilizaliwa kwa kubadilishiwa injini, tena kwa kuwazunguka wakubwa.

Na Pontiac hawakubuni ufundi huo. Vijana wa California walikwisha kuanza kitambo kuchukua Ford kuukuu za 1932, kuzivua madigadi na boneti, kuzitia injini zilizochongwa upya na kwenda kupimana mbio kwenye maziwa makavu ya jangwani. Chevrolet ilipotoa V8 yake ndogo mwaka 1955, nyepesi, rahisi na iliyopatikana kila kona, injini hiyo iliishia ndani ya magari ya kila kampuni. Mmarekani na injini yake hawajawahi kuwa na ndoa ya Kikatoliki.

Baada ya GTO mambo yakaenda kwa kasi. Ford ilizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya kimataifa ya New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Mwezi huohuo Plymouth ilikuwa imetoa Barracuda. Camaro ikafuata kwa msimu wa 1967. Chrysler iliitoa injini yake ya Hemi ya lita 7.0 kwenye viwanja vya mbio na kuanza kuwauzia raia mwaka 1966, ikiwa na nguvu farasi 425 kwenye karatasi. Mwaka 1970 Chevelle SS ya lita 7.4 ikafikisha 450. (Kwetu, ukisema V8 watu huona Land Cruiser ya kigogo. Kule, V8 ilikuwa gari la kijana wa miaka 22 anayelilipia kwa mkopo.)

Hesabu hizo za nguvu zina chumvi. Hadi 1971 viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa peke yake juu ya kitanda cha majaribio, bila kichujio cha hewa, bila ekzosi kamili, bila alteneta ya kuiburuta. Ilipokuja mwaka 1972 kanuni ya kuipima kama inavyokaa ndani ya gari, namba zikaporomoka hata pale ambapo injini haikubadilika sana.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa nje ya injini. Mustang ya kwanza ilijengwa juu ya vyuma vya Falcon, gari la bei nafuu la familia, na ikauzwa ikiwa na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Breki za dramu hufunga vizuri mara ya kwanza. Mara ya tatu mfululizo, kwenye mteremko, zikishapata moto, unakanyaga na gari linakwenda. Camaro za mwanzo zilibebwa nyuma na springi ya bamba moja la chuma kila upande, kwa hiyo ukikanyaga mafuta kwa nguvu ekseli nzima ilirukaruka. Tairi zilikuwa nyembamba, rimu za inchi 14, na usukani uliozunguka sana kabla magurudumu hayajajua unataka nini. Magari yale yaliumbwa kwa mstari ulionyooka wa robo maili. Kona ilikuwa habari nyingine.

Afrika Mashariki ilishuhudia udhaifu wa namna hiyo mapema. Katika Safari Rally ya 1964, ambayo tayari ilisifika kuwa miongoni mwa mitihani migumu kuliko yote ya aina yake, Ford ya Marekani ilileta kikosi cha Mercury Comet zenye V8, zikiwa zimeandaliwa na Bill Stroppe. Nyingi hazikufika mwisho. Ushindi ulichukuliwa na Peter Hughes na Billy Young wakiwa ndani ya Ford Cortina GT, gari dogo la Kiingereza lenye injini ya silinda nne.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hii ilipasukia pande zote kwa pamoja. Kampuni za bima zilianza kuwatoza vijana ada zilizokaribia malipo ya gari lenyewe. Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ikadai moshi upunguzwe, na ili injini ziweze kutumia petroli isiyo na risasi, mgandamizo ndani ya silinda ulishushwa. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga mabomba ya mafuta, foleni zikajaa kwenye vituo, na mwaka uliofuata mwendo wa juu kwenye barabara kuu ukawekwa maili 55 kwa saa. Mustang ya 1974, iliyoitwa Mustang II, haikuwa na V8 hata kwa kuomba. Corvette ya kawaida ya 1975, gari la fahari ya taifa, ilitoka kiwandani na nguvu farasi 165.

Magari ya zamani hayakuyeyuka. Yalibaki kwenye yadi za magari yaliyotumika, yakinywa mafuta kupita kiasi, na bei ikashuka hadi mwanafunzi akaweza kuyanunua. Katika miaka ya 1980 wale waliokuwa watoto enzi zile walianza kupata pesa, wakaanza kuyatafuta. Baadhi wakayarudisha yalivyokuwa, hadi alama za chaki za kiwandani. Wengine wakafuata mtindo wa kuyapachika tairi za nyuma pana kama za trekta na mashine iliyochomoza juu ya boneti. Yalipendeza kwenye maonyesho. Kuyaendesha hadi mji wa pili kulihitaji imani.

Waliobadilisha mwelekeo walikuwa wahandisi, na anayetajwa zaidi ni Mark Stielow, mwajiriwa wa General Motors ambaye miaka ya 1990 alianza kuzijenga upya Camaro za 1969 kwa shabaha ambayo ilionekana ya ajabu: zikate kona, zisimame, na zifike safari ndefu zikiwa na kiyoyozi kinachofanya kazi. Hakuzifunika turubai. Alizipeleka kwenye mashindano yanayochanganya uwanja wa mbio na mamia ya maili ya barabara kuu, ambako udhaifu wa gari haufichiki. Breki kubwa za diski zilidai rimu kubwa, kwa hiyo rimu za inchi 14 zikaondoka. Rimu kubwa zikaleta tairi za kisasa zenye mshiko, na mshiko ukafichua ulegevu wa vyuma vya chini. Ndipo ikabidi chasisi ikazwe, springi zibadilishwe, shokamzoba mpya zifungwe. Kila dawa ilizaa mgonjwa mwingine, na mwisho wake gari zima likawa limeandikwa upya. Kundi lililomfuata likajulikana kama Pro Touring.

Kilichobaki ni injini, na hiyo ililetwa na kiwanda bila kukusudia. Mwaka 1997 Chevrolet Corvette mpya ilikuja na V8 iliyoitwa LS1: lita 5.7, bloku ya alumini, nguvu farasi 345, hizi zikiwa zimepimwa kwa kanuni ya kweli. Ilikuwa nyepesi kuliko babu yake wa chuma, iliwaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa, na kompyuta yake ilipima mafuta kwa nozeli badala ya kuyaachia kabureta yakadirie. Lakini siri yake ilikuwa umbo. Wakati kampuni nyingine zilikuwa zikipandisha kemshafti juu ya silinda hedi na kuzifanya injini zao pana, General Motors iliibakiza moja, katikati ya bloku, kama zamani. Umbali wa katikati ya silinda moja hadi nyingine ulikuwa uleule uliowekwa mwaka 1955. Kwa hiyo injini ya 1997 iliingia kwenye gari la 1969 kama mwenyeji aliyekuwa safarini.

Muda si mrefu General Motors ikaanza kutia ndugu za injini hiyo kwenye pikapu na magari yake makubwa, kwa mamilioni, zile za bloku ya chuma za lita 4.8, 5.3 na 6.0. Pikapu zikapata ajali kama ilivyo ada, zikapelekwa skrepa, na injini nzima zikauzwa kwa pesa kidogo. Fundi wa Gerezani ya Dar es Salaam au Kariobangi ya Nairobi, anayeishi kwa injini zilizotumika kutoka Japani, ataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Kwa maoni yangu yadi za skrepa zimeyaokoa magari ya misuli kuliko makumbusho yote.

Wenye Ford walipata taabu zaidi. Injini yao mpya, Coyote ya lita 5.0 iliyokuja na Mustang ya 2011, ina kemshafti nne juu na mabega mapana. Haiingii kwa hiari kwenye Mustang ya miaka ya 1960, kwa kuwa minara inayoshika springi za mbele imebana chumba cha injini kila upande. Mafundi huikata minara hiyo na kufunga mfumo mwingine wa mbele kabisa. Mfumo unaotumika mno kwa kazi hiyo umetokana na Mustang II, ile ya 1974 iliyozomewa nchi nzima. Hakuna aliyeitaka sura yake, ila miguu yake ya mbele iko chini ya nusu ya magari yanayoshangiliwa kwenye maonyesho. Nusu ni kadirio langu. Ukiinama utaamua mwenyewe.

Viwanda vilipoona pesa zinapita mlangoni vikaingia. Chevrolet, Ford na Dodge sasa huuza injini mpya ndani ya kreti, pamoja na kompyuta na nyaya zake. Mopar, chapa ya vipuri ya kampuni mama ya Dodge, ilifika mbali zaidi: mwaka 2018, kwenye maonyesho ya SEMA jijini Las Vegas, ilitangaza Hemi ya lita 7.0 yenye nguvu farasi 1,000. Juu yao wapo mafundi wa kifahari, kama Ringbrothers wa mji mdogo wa Spring Green, Wisconsin, ambao gari lao moja humeza maelfu ya saa za kazi na bei yake hununua nyumba. Hata bodi si lazima iwe ya zamani: kampuni ya Dynacorn hufyatua bodi mpya tupu za Camaro ya 1969. Desemba 2015 bunge la Marekani lilipitisha sheria inayowaruhusu watengenezaji wadogo kuuza hadi nakala 325 kwa mwaka za magari yenye umri wa miaka 25 au zaidi, na kanuni za kuitekeleza zikachukua zaidi ya miaka mitano kukamilika.

Hapa ndipo wahafidhina wanapata hoja yenye uzito, nami nawapa haki yao. Plymouth Barracuda ya 1971 ya Hemi, isiyo na paa, ilitengenezwa kwa idadi ya dazeni hivi tu. Moja iliuzwa dola milioni 3.5 mwaka 2014, na sehemu kubwa ya thamani hiyo ni kwamba nambari za injini na za bodi zinaoana. Kuikatakata ni uharibifu. Ila wajenzi wenye akili hawaigusi. Wanatafuta ile Camaro iliyozaliwa na silinda sita, iliyooza sakafu, ambayo hakuna makumbusho yangeipokea.

Kuna pia swali la uhai wa mtu. Septemba 2019 Barracuda ya 1970 ya mchekeshaji Kevin Hart, iliyojengwa upya na injini ya kisasa yenye nguvu farasi zaidi ya 700, iliacha barabara kusini mwa California. Hart, ambaye hakuwa dereva, aliumia vibaya mgongo. Mjadala uliofuata ulihusu mikanda ya usalama. Gari jipya la kawaida lenye nguvu kama hizo haliwezi kuuzwa Marekani bila mifuko ya hewa. Gari la miaka 50 linaruhusiwa, kwa sababu lilipotengenezwa sheria hiyo haikuwepo.

Sasa ugomvi umehamia kwenye umeme. Mwaka 2018 Chevrolet ilionyesha Camaro ya mbio isiyo na petroli kabisa. Novemba 2021 Ford ikatangaza kuuza mota ya umeme ya nguvu farasi 281, ileile iliyo kwenye Mustang Mach-E GT, kwa dola 3,900, na ikazipachika mbili kwenye pikapu ya 1978 ili watu waone. Mota za mwanzo ziliisha upesi. Ford iliziuza bila betri na bila kidhibiti chake, mteja ajitafutie, na wengi wanajua pa kuanzia: skrepa, kwenye safu ya Tesla zilizogongwa.