Kabla ya Mpira wa Mwisho

Maneno haya yalisomwa kwanza katika radio. Sasa yamepigwa chapa ili uweze kuyasoma tena polepole, na kuyazungumza pamoja na jirani zako.

Leo nataka tuzungumze juu ya mchezo ambao kwetu hauchezwi. Unaitwa kriketi. Pengine utauliza: sisi watu wa mpira wa miguu, tunaofuata TS Malekesa na AS Makiso, kriketi inatuhusu nini? Vuta subira kidogo. Mechi moja ya kriketi inaweza kuchukua siku nzima, na mtu anayeifuata kwa radio hupokea habari yake kipande kwa kipande. Na sisi katika Kongo tunajua vizuri sana hatari ya mtu anayesikia kipande kimoja cha habari, kisha akainuka na kukimbia nacho.

Kwanza uelewe mchezo wenyewe. Kila timu ina watu 11. Timu moja inapiga, nyingine inarusha mpira na kudaka. Katika mechi ya siku moja kila timu inapewa ova 50, na kila ova ni mipira 6, yaani mipira 300 kwa jumla. Mpigaji akiisha kupiga anakimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine ili kupata mikimbio, na mikimbio ndiyo hesabu ya ushindi. Mpira wake ukidakwa kabla ya kugusa chini, au vijiti vilivyo nyuma yake vikiangushwa, yeye anatoka. Wakitoka 10, zamu ya timu imekwisha, hata kama ova zimebaki. Kisha timu ya pili inapiga, nayo inatafuta kuipita hesabu ya kwanza.

Sasa twende kwenye historia. Mwaka 1996 Kombe la Dunia la kriketi lilichezwa katika India, Pakistan na Sri Lanka. Jirani zetu wa Kenya walikuwamo. Mwaka 1975 timu moja ya Afrika ya Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikuwa imekwenda Uingereza kwa Kombe la Dunia la kwanza, ikashindwa mechi zote 3. Mwaka 1996 ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kwenda kwa jina lake yenyewe.

Tarehe 29 Februari 1996, katika mji wa Pune huko India, Kenya walikutana na West Indies. Timu hiyo ilikuwa imechukua Kombe la Dunia mwaka 1975 na tena mwaka 1979. Ndani yake alikuwamo Brian Lara, ambaye mwaka 1994 aliiweka rekodi ya dunia kwa kupata mikimbio 375 peke yake dhidi ya Uingereza. Wakenya wengi walikuwa watu wa kazi za kawaida wanaocheza siku za mapumziko.

Sasa ujiweke wewe mwenyewe mahali pa shabiki anayefuata mechi ile kwa mbali. India iko mbele ya Kisangani kwa saa 3 na nusu: ikiwa saa sita mchana kule Pune, hapa kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi. Habari ya kwanza inakuja: Kenya ndio wanaopiga, na wapigaji wao wanatoka mmoja baada ya mwingine. Habari ya pili: mikimbio 81 tu, na watu 6 wamekwisha kutoka. Mtu anayezima radio saa hiyo atasema nini njiani? Atasema, "Wakenya wamekwisha." Na hatakuwa mwongo kwa nia yake, maana ndivyo alivyosikia.

Lakini mchezo haukuwa umekwisha. Hitesh Modi na kijana Thomas Odoyo, mwenye miaka 17, wakashikamana, wakaongeza hesabu. Warushaji wa West Indies nao walikuwa wakirusha kwa uzembe, wakaitoa mikimbio mingi ya bure, hata ikapita ile aliyopata mchezaji yeyote wa Kenya. Kenya wakafika 166. Na hapo tena mashabiki wengi wangesema: 166 ni kitu gään mbele ya Lara?

Zamu ya West Indies ikaanza. Rajab Ali akaviangusha vijiti vya kapteni Richie Richardson. Kisha Lara mwenyewe, akiwa na mikimbio 8 tu, akaugusa mpira wa Rajab Ali kidogo kwa gongo lake, na Tariq Iqbal akaudaka nyuma yake. Baada ya hapo kapteni wa Kenya, Maurice Odumbe, akarusha kwa utulivu na kuwatoa watu 3. West Indies wakaanguka wote kwa mikimbio 93. Kenya walishinda kwa mikimbio 73. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Ndugu msomaji, katika siku hiyo moja kulikuwa na habari tatu au nne, na kila moja ilikuwa ya kweli kwa saa yake. Aliyeondoka mapema alibeba habari ya kweli iliyogeuka kuwa uongo kabla hajafika nyumbani. Ndivyo uvumi unavyozaliwa. Si kila mara mtu mbaya anakaa chini na kuutunga. Mara nyingi unatoka kwa mtu mwema aliyesikia nusu, akaijaza nusu nyingine kwa hofu yake.

Angalia pia timu zenyewe. Katika timu ya Kenya walikuwamo Odumbe, Tikolo, Suji na Otieno, na pamoja nao Chudasama, Modi, Karim na Rajab Ali. Waafrika na watoto wa familia zilizotoka Asia, Wakristo, Wahindu na Waislamu, wote walivaa shati moja. Na hii ilikuwa miaka michache tu baada ya mapigano ya kikabila ya Bonde la Ufa, yaliyoanza mwaka 1991, ambayo yaliwafukuza watu wengi kutoka mashamba yao. West Indies nayo si nchi moja. Lara alitoka Trinidad, Richardson Antigua, Courtney Walsh Jamaica, Shivnarine Chanderpaul Guyana. Nchi mbalimbali, kila moja na bendera yake, zinacheza kama timu moja.

Sitakudanganya kwamba mchezo unaleta amani peke yake. Kenya walishinda Pune mwaka 1996, na bado damu ilimwagika Likoni mwaka 1997, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,000. Ushindi wa siku moja hauponyi ugomvi wa mashamba na siasa. Lakini unaonyesha kwa macho kwamba watu hao wanaweza kufanya kazi pamoja, na anayesema haiwezekani anapata la kujibu.

Kuna jambo lingine la mashindano yale. Tarehe 31 Januari 1996, kabla hayajaanza, bomu lililipuka mbele ya Benki Kuu mjini Colombo, Sri Lanka, likaua watu wapatao 90. Australia na West Indies wakakataa kwenda kucheza huko. Basi India na Pakistan, nchi zilizopigana vita mwaka 1947, 1965 na 1971, zikaunda timu moja, zikaenda Colombo kucheza na Sri Lanka ili kuwafariji. Wasim Akram wa Pakistan akarusha mpira, Sachin Tendulkar wa India akaudaka. Watu waliozoea kushindana walishangiliwa pamoja, na wale waliokuja kuwatembelea katika msiba wao.

Na Kenya? Tarehe 6 Machi 1996 walikwenda Kandy katika Sri Lanka, wakacheza, wakashindwa vibaya. Lakini walikwenda. Miaka 7 baadaye, mwaka 2003, mambo yakageuka. Kenya ilikuwa imepigwa bomu katika hoteli ya Kikambala, karibu na Mombasa, tarehe 28 Novemba 2002. New Zealand wakakataa kuja Nairobi kwa kuogopa usalama. Sri Lanka wakaja. Tarehe 24 Februari 2003 walicheza Nairobi, na Kenya wakawashinda kwa mikimbio 53, kijana Collins Obuya akiwatoa watu 5. Mwaka huo Kenya walifika nusu fainali. Jirani aliyekujia siku ya hofu ni jirani kweli, hata kama siku hiyo mnashindana.

Lakini mashabiki nao wanaweza kuharibu. Tarehe 13 Machi 1996, mjini Kolkata, India walikuwa wakicheza nusu fainali na Sri Lanka mbele ya umati mkubwa sana. India walikuwa na 98, na mtu 1 tu ametoka. Mara Tendulkar akatoka, na wengine wakafuata, hata wakawa 120 kwa watu 8. Mashabiki wakatupa chupa uwanjani na kuwasha moto katika viti. Msimamizi wa mechi, Clive Lloyd, akawapa Sri Lanka ushindi. Wale waliochoma viti walisema wanaipenda timu yao. Upendo gani huo, uliowanyima wachezaji wao hata nafasi ya kumaliza mchezo?

Linganisha na Richie Richardson. Baada ya aibu ya Pune hakumtafuta mchawi. Siku 4 baadaye, tarehe 4 Machi, aliiongoza West Indies dhidi ya Australia, akapata mikimbio 93 bila kutolewa, na timu yake ikashinda. Hesabu ile ile ambayo watu wote 11 waliipata Pune, yeye aliipata peke yake. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sasa turudi kwetu, ndugu zangu, kwa maana mazungumzo haya ni juu yetu. Alfajiri ya tarehe 14 Mei 2002, askari walioasi waliteka kituo cha radio mjini Kisangani, wakawatangazia wakaaji wainuke dhidi ya Wanyarwanda. Wako watu waliosikia tangazo lile, wakatoka. Na wako watu waliouawa njiani kwa kushukiwa tu. Baada ya muda mfupi askari wa RCD-Goma, waliokuwa wakiutawala mji wakati ule, wakakirudisha kituo mikononi mwao, na kisasi kikaanza, hasa katika Mangobo. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao wakiwa raia wasio na silaha.

Hapo haikuwa mechi. Lakini angalia namna ilivyokwenda: habari ya asubuhi ilikuwa imekwisha kugeuka kabla ya jioni, na aliyetoka kwa habari ya kwanza alikutana na ya pili akiwa amesimama barabarani. Kusubiri ni kazi ngumu kuliko kukimbia. Asubuhi ile kungeokoa watu.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu. Kwanza, ukiletewa habari na radio trottoir, na mwendesha toleka, au na abiria aliyeshuka kwenye mtumbwi, uliza: nani aliona kwa macho yake, na saa ngapi? Pili, kabla ya kuipeleka kwa mwingine, tafuta kituo cha pili au mtu wa upande wa pili, maana mechi moja ina timu mbili. Tatu, ikiwa habari inakuambia umpige jirani yako leo leo, jua kwamba hapo ndipo pa kukaa chini. Habari ya kweli haitaharibika ukiiacha ilale usiku mmoja. Lakini mtu akiisha kufa, hata habari nzuri ya kesho haitamrudisha.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Ni lini hapa Basoko habari ya asubuhi iligeuka kuwa nyingine jioni? Nani aliumizwa katikati?

2. Katika ugomvi wa mashamba au wa uvuvi, nani kati yetu anaweza kwenda kusikia upande wa pili na kurudi salama? Tumempa nguvu gani?

3. Sri Lanka walikuja Nairobi siku ambayo wengine waliogopa. Ni kijiji gani cha jirani kinachongoja sisi tukitembelee?

Amani iwe nanyi, na kwaheri.