MWENYE VYOMBO NA MWENYE SAUTI



Ndugu zangu, vijana wetu hapa Kharumwa wanazipenda sana sinema za majambazi wa Chicago. Kofia, bastola, na nyuma yao watu weusi wanapuliza tarumbeta huku wakitabasamu. Kijana akitoka kwenye kibanda cha video anatamani kuwa yule mwenye kofia. Hakuna anayetamani kuwa mpiga tarumbeta, ilhali wengi wetu nafasi tutakayopewa duniani ni ya huyo. Basi leo tumtazame yeye. (Hukumu ya muziki tumeisoma darasani, siirudii. Hii ni tarehe.)

Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920, ikaondoa marufuku hiyo 1933. Katika miaka hiyo 13 pombe haikwisha. Ilihamia mikononi mwa majambazi, na kumbi za muziki zikahamia huko huko. Cotton Club ya New York ilikuwa ya Owney Madden, aliyetoka jela mwaka 1923 kwa kosa la kuua. Duke Ellington alianza kupiga pale Desemba 1927. Wapigaji weusi, wahudumu weusi, lakini mteja mweusi alirudishwa mlangoni! Mwaka huohuo, Chicago, mwimbaji Joe E. Lewis aliacha ukumbi wa majambazi akaenda kuimba kwingine. Wakamfuata chumbani kwake wakamkata koo. Alipona, sauti ikaharibika. Naye alikuwa mzungu.

Sisi hatukuwa na Al Capone. Lakini magitaa na vipaza sauti ni ghali, na wanamuziki wetu wengi hawakuwa navyo. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadilishwa, ikawa JUWATA, kisha OTTU. Remmy Ongala alifika Dar es Salaam kutoka Kongo mwaka 1978, na bendi iliyompa umaarufu, Super Matimila, ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Mchimbaji yeyote hapa kwetu analielewa hili bila kufafanuliwa: anayeshuka shimoni ni mmoja, mwenye duara ni mwingine.

Tuseme haki lakini. Chama kililipa mishahara, na wanamuziki wetu walihama bendi mchana kweupe, shingo zao salama. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, akaanzisha Super Volcano yake, na watu wakamfuata huko mpaka ajali ya gari ilipomchukua, Kenya, Januari 1979.