Zamani Theluji Ilipokuwa Ndiyo Njia

Amfikiaye mwenyeji wa Vermont, jimbo la kaskazini-mashariki ya Marekani, katika majira ya baridi, akamkuta alfajiri yu na koleo mkononi akiiondoa theluji katika njia itokayo mlangoni pake hadi barabarani, aghalabu hudhani kwamba dasturi hiyo ni ya tangu na jadi. Walakini wazee wa nchi hiyo, katika karne ya 19, hawakuiondoa theluji, bali waliihitaji, wakaishindilia na kuihifadhi.

Sababu yake ni dhahiri. Wakati theluji ilipoyeyuka magari ya farasi yalizama topeni, ilhali baridi ilipokaza magurudumu yaliwekwa kando, zikatumika sleji, yaani vyombo vitambaavyo juu ya mbao mbili ndefu za chini, ambavyo juu ya theluji ngumu viliteleza kwa wepesi hata vikiwa na shehena nzito ya magogo. Kwa ajili hiyo vijiji viliunda rola, nazo ni mapipa makubwa mno ya mbao yaliyokokotwa na farasi kadhaa ili kuigandamiza theluji ikawa sakafu. Na palipokuwa na daraja lililoezekwa paa, ambamo theluji haikuweza kuanguka, walitumwa watu kwa ujira wakaitandaze ndani kwa mikono, sleji zisije zikakwama juu ya mbao tupu.

Taratibu hii iliondoshwa na motokaa, kwani gurudumu halina haja ya theluji hata kidogo. Katika miaka ya 1920 majembe ya kusukuma theluji yalienea mabarabarani, na huko Kanada Arthur Sicard, mzaliwa wa Quebec, aliunda mtambo wa kuichota theluji na kuirusha mbali, akauuza wa kwanza mwaka 1927 kwa mji wa Outremont, karibu na Montréal.

Hata hivyo ushindi huo wa chuma haukutimia katika njia za kokoto. Penye lami ubao wa jembe hupita ukigusa chini pasipo madhara. Bali penye kokoto huzikokota pamoja na theluji mpaka majanini, na mtambo wa kurusha huzitupa kwa nguvu iwezayo kuvunja kioo au kumjeruhi mtu. Kwa hiyo mwenye busara huziacha theluji za mwanzo zishindiliwe na magari yake mwenyewe, zigande zikawa tabaka la kuzifunika kokoto, kisha huviteremsha viatu vya mtambo, yaani vyuma vyake vya chini vitelezavyo juu ya ardhi, ili makali yainuke kidogo, akaondoa ile ya juu tu. Afanyapo hivyo, yeye mwenye injini huifuata, ajue asijue, hikima ya wenye farasi: kwamba katika nchi ya baridi ndefu, ardhi isiyotandikwa lami hulindwa vyema na theluji yenyewe.