Ukuta Usio na Kibali
Mapema 2012, wachoraji waliingia katikati ya Nairobi usiku na rangi zao. Asubuhi, watu wa Muindi Mbingu, karibu na City Market, wakakuta mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi, amevaa suti, amejikalia kitini. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa unakuja. Mama mboga na makanga waliusoma ukuta ule bure, bila tiketi.

Siku hizi kwenye tamasha, ukuta hutolewa kwa kibali, mdhamini analipia rangi, nasi tunapiga selfi. Mimi pia napiga, na napenda msanii alipwe. Lakini nauliza: aliyelipia rangi ataruhusu tumbusi arudi?