Alpha, mashine iliyoikomboa Linux kutoka mikononi mwa Intel

Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds aliwatangazia watumiaji wa mfumo wa Minix kwamba anaandika mfumo endeshi wake mwenyewe. Katika tangazo hilohilo aliwatahadharisha kwamba mfumo huo hauhamishiki. Aliuandikia prosesa moja tu, Intel 80386, ile iliyokuwa ndani ya kompyuta aliyoinunua mwanzoni mwa mwaka huo.

Alisema kweli. Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi: ndiyo inayogawa kumbukumbu, kuzipangia programu zamu na kuviamuru vifaa. Kerneli ya Torvalds ilikuwa imefumwa pamoja na 386, kwa sababu kijana huyo alianza kazi akitaka kuielewa chipu hiyo. Hata kazi ya kuitoa programu moja na kuingiza nyingine aliiachia chipu yenyewe, kwa njia ambayo prosesa nyingi za makampuni mengine hazikuwa nayo.

Januari 1992, Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyeiandika Minix, aliikosoa Linux hadharani. Alikuwa na hoja mbili: kwamba kerneli ile ni pande moja kubwa lisilogawanyika, na kwamba kuifunga kwenye familia moja ya prosesa ni kosa. Hoja ya kwanza inabishaniwa hadi leo. Kuhusu ya pili, profesa alikuwa sahihi, na mpenzi wa Linux hana sababu ya kulikataa hilo. Minix yake ilikuwa imeshafikishwa kwenye mashine za Motorola wakati Linux haijatoka nje ya uzio wa Intel.

Wa kwanza kuitoa walikuwa wamiliki wa kompyuta za Amiga na Atari, zilizotumia prosesa ya Motorola 68000 na ndugu zake. Walichukua nakala, wakabomoa yaliyokuwa ya Intel na kuandika upya yaliyowafaa. Linux ikawaka kwenye mashine zao, nayo ilikuwa kazi ya kuheshimiwa. Lakini sasa kulikuwa na Linux mbili. Kila kasoro iliyorekebishwa Helsinki ilibidi mtu aibebe kwa mkono hadi kwenye nakala ya pili, na kadiri miezi ilivyopita nakala hizo zilizidi kuachana. Kama kila prosesa mpya ingezaa nakala yake, kufikia mwisho wa muongo kungekuwa na Linux kumi zisizofahamiana.

Mambo yalibadilika New Orleans, Mei 1994. Torvalds alialikwa kuzungumza kwenye mkutano wa watumiaji wa kompyuta za Digital, kampuni ya Marekani iliyokuwa miongoni mwa vigogo wa fani hiyo. Hapo alikutana na Jon Hall, mfanyakazi wa Digital anayejulikana zaidi kwa jina la utani, maddog. Hall alipoiona Linux ikifanya kazi aliamini kwamba inafaa kufikishwa kwenye prosesa mpya ya kampuni yake, Alpha. Aliporudi kazini aliwashawishi wakubwa wake, na mashine ya Alpha ikasafirishwa hadi Finland kwa kijana ambaye hakuwa mwajiriwa wao wala hakuwa na mkataba nao. Uamuzi huo naona haujapewa heshima inayostahili.

Alpha ilikuwa mtihani mgumu. Ilitangazwa mwaka 1992 ikiwa prosesa ya biti 64 tangu mwanzo, huku 386 ikiwa ya biti 32. Kwenye 386, namba ya kawaida katika lugha ya C na anwani ya mahali ndani ya kumbukumbu zina upana uleule, kwa hiyo waandishi wa programu walizoea kuhifadhi anwani ndani ya namba. Ukifanya hivyo kwenye Alpha, nusu ya anwani inakatwa, na mashine inaanguka bila kueleza kwa nini. Kurasa za kumbukumbu nazo zilikuwa za kilobaiti 8 badala ya 4. Alpha za mwanzo hazikuwa hata na amri ya kusoma au kuandika baiti moja: ulichukua fungu zima, kisha ukaichambua baiti uliyoitaka.

Wahandisi wa Digital nao walikuwa wakiihamisha Linux kwa njia ya haraka, wakiilazimisha Alpha iwe kama ya biti 32. Torvalds alichagua njia ndefu, biti 64 kamili, na hakutaka nakala ya pembeni. Aliivunja kerneli yake mwenyewe na kuipanga upya: yote yanayotegemea prosesa yakawekwa katika folda iitwayo arch, kila prosesa na chumba chake, na yaliyobaki yakawa mali ya wote.

Mfano mzuri ni majedwali ambayo prosesa huyatumia kujua kila ukurasa wa kumbukumbu uko wapi. Kwenye 386 yana ngazi mbili, kwenye Alpha tatu. Torvalds aliandika msimbo wa pamoja kana kwamba kila mashine duniani ina ngazi tatu, kisha katika chumba cha Intel akaieleza ngazi ya kati kwa namna ambayo kompaila huifuta yenyewe. Intel haikulipa chochote, na Alpha ilipata haki yake. Wazo hilo ndilo kiini cha habari yote hii: kerneli ikaacha kuandikwa kwa ajili ya chipu iliyopo mezani, ikaanza kuandikwa kwa ajili ya mashine ya kufikirika ambayo kila chipu halisi inaweza kujifananisha nayo.

Kulikuwa na hila nyingine ya kiutendaji. Kerneli mpya haina programu za kuijaribia, na programu haziwezi kuendeshwa bila kerneli. Torvalds alizipa huduma za kerneli yake ya Alpha namba zilezile zilizotumiwa na Unix ya Digital, ili programu zilizokwisha kuandikwa kwa mfumo huo ziweze kuendeshwa juu ya Linux.

Toleo la 1.2 lilitoka Machi 1995 likiwa na vyumba vya Intel, Alpha, SPARC na MIPS. Mwaka uliofuata, toleo la 2.0 liliwarudisha nyumbani hata watu wa Amiga na Atari. Torvalds aliyageuza mafunzo hayo kuwa tasnifu yake ya uzamili, aliyoikamilisha Helsinki mwaka 1997 kuhusu Linux kama mfumo endeshi unaohamishika.

Baada ya hapo wahamishaji walikuja kwa kasi. Desemba 1999 IBM ilitoa msimbo wa kuendesha Linux kwenye kompyuta zake kubwa za benki na serikali. Wakati AMD ilipokuwa ikitengeneza prosesa yake ya biti 64, watu wa kampuni ya SuSE waliihamishia Linux huko kwa kutumia programu inayoiigiza chipu hiyo, kabla chipu yenyewe haijauzwa. Chipu hiyo, Opteron, ilipotoka Aprili 2003, Linux ilikuwa tayari inaisubiri. Chumba cha ARM cha biti 64 kiliingia Desemba 2012, na leo simu za Android zilizojaa Kariakoo na Gikomba zinategemea msimbo wa chumba hicho.

Vyumba hufungwa pia. Tegemeo la 386 yenyewe, mashine iliyoizaa Linux, liliondolewa katika toleo la 3.8 mwanzoni mwa 2013. Mwaka 2018 prosesa nane zilifutwa kwa mkupuo mmoja kwa kukosa watumiaji na walezi. Naliona jambo hilo kuwa la haki, kwa kuwa msimbo usio na mlezi huwachelewesha wote. Alpha, ambayo Compaq ilitangaza mwisho wake mwaka 2001 baada ya kuinunua Digital, bado ina folda yake.

Katika toleo la 4.15 la Januari 2018 kiliingia chumba cha RISC-V, usanifu uliobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutengenezea chipu bila kulipa ada ya leseni. Mwanafunzi wa kompyuta anayetaka kujifunza kazi hii asisubiri kununuliwa mashine. Programu ya QEMU inaiigiza prosesa hiyo ndani ya kompyuta ya kawaida, nayo ni ya bure. Afungue arch/riscv, aweke pembeni yake arch/alpha, na azisome kwa pamoja.