Kakamera Kadogo, Taa Kubwa: Jinsi ya Kupiga Picha za Studio Bila Kamera ya Malaki

Cheki hii form. Uko Timboroa, umekodi kachumba kando ya barabara ya Nakuru–Eldoret, umetundika shuka jeupe ukutani. Una kakamera ka mfukoni na flashi moja ya studio uliyonunua mtumba. Shosho anaingia na nguo zake za kanisa, anakaa kwa stuli. Unafinya. Flashi inalipuka, paa! Unacheki skrini: giza tupu. Unafinya tena, paa! Giza. Mara ya kumi shosho anainuka, anadai doh yake, anapanda mathree kwenda Eldoret kutafuta "studio ya ukweli".

Msee, hiyo ilinipata mimi. Nilidhani kamera imededi. Kumbe kamera ilikuwa fiti na flashi pia ilikuwa fiti, ila tu hazikuwa zinalipuka kwa wakati mmoja.

Kwa nini picha inatoka giza

Flashi nyingi za studio zina kajicho kanakoona mwangaza. Flashi ndogo ya kamera ikiwaka, kajicho kanaona, na taa kubwa inalipuka papo hapo. Ndiyo maana huhitaji waya.

Ngori ni kwamba kamera ndogo ikiwa kwa otomatiki huwasha flashi mara mbili. Ya kwanza ni ya kupima mwangaza, ya pili ndiyo ya kupiga picha. Ziko karibu sana, jicho lako linaona moja tu. Lakini kajicho ka taa kubwa hakangoji: kanalipua kwa ile ya kwanza. Lenzi inapofunguka, taa imeshamaliza kazi na inajichaji upya. Unabaki na giza.

Suluhisho ni hizi

1. Weka flashi ya kamera kwa manyuo. Ingia kwa menyu, toa otomatiki, chagua nguvu ya chini kabisa. Hapo kwa kamera nyingi inawaka mara moja tu. Zima pia ile ya kuondoa macho mekundu, kwa sababu nayo huwasha mwangaza kabla ya picha.

2. Kama kamera yako haina manyuo, tafuta flashi yenye modi ya S2. Godox TT600 na Yongnuo YN560 ziko nayo. S1 inalipuka kwa mwangaza wa kwanza, S2 inaruka ule wa kupima na kungoja wa pili.

3. Kama kamera ina kile kiatu cha chuma juu, kama Canon PowerShot G12, weka triga ya redio na uachane na flashi ndogo kabisa. Hii ndiyo njia safi zaidi.

Onyo moja hapa: usichomeke waya wa flashi ya kitambo moja kwa moja kwa kamera. Zingine hurudisha volti mingi sana, na kamera inachomeka hivyo tu. Triga ya redio inakukinga.

Setingi za kuanzia

Weka kamera kwa M. ISO 100, shata 1/125, f/5.6. Piga moja ya kujaribu. Uso ukiwaka sana, punguza nguvu ya taa au panda hadi f/8. Ukiwa giza, sogeza taa karibu. Kumbuka hesabu hii: ukiweka taa mbali mara mbili, mwangaza unabaki robo, si nusu.

Usihangaike na shata kutafuta mwangaza. Mlipuko wa flashi ni mfupi mno, kwa hivyo shata huamua tu ni mwangaza kiasi gani wa dirisha na balbu unaingia. Skrini ikikaa giza kabla ya kufinya, usipaniki. Kamera haijui taa inakuja. Washa ile balbu ndogo ya flashi ya studio ndiyo kamera ipate fokasi.

Taa usiiweke kando ya kamera, uso utakaa sahani. Iweke pembeni, juu kidogo ya kichwa, ndani ya mwavuli au softiboksi. Upande ule mwingine simamisha kadibodi nyeupe irudishe mwangaza. Pima picha kwa ngozi ya mtu, si kwa shuka. Ukifuata shuka jeupe, mteja mweusi anapotea.

Flashi ya kamera ikipiga uso moja kwa moja, iwekee kikaratasi cheupe kiirushe pembeni. Taa kubwa bado itaiona.

Mambo ya Timboroa

Stesheni ya reli ya hapa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Unajua hiyo baridi na ukungu. Ukitoa kamera nje na kuingia chumba chenye jiko, lenzi inavaa jasho. Iache ndani ya begi ifunguliwe polepole ikishapata joto. Betri nazo huchoka haraka kwa baridi, beba ya akiba mfuko wa ndani.

Na flashi ikikataa kuwaka, usiifungue na skrudraiva hata kama umeichomoa. Ndani inaweka chaji inayoweza kukuua. Mpelekee fundi.

Mwisho

Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka wa 1930, miaka mingi kabla ya kamera za dijitali. Wateja walikuja, wakakaa, wakatoka na picha nzuri. Kwa hivyo usingoje kamera ya laki ndiyo uanze mboka. Leo jioni keti na mbogi yako, mmoja akae kwa stuli, piga picha hamsini za majaribio. Uandike setingi iliyokubali na uibandike ukutani.

Ndiyo shosho akirudi, ufinye mara moja tu, na aende nyumbani na sura yake.