Mali bila daftari: habari ya ukaguzi wa viyoyozi

Ukifuatilia historia ya sheria zinazolazimisha mitambo ikaguliwe, mara nyingi utakuta makaburi nyuma yake. Watu hufa kwanza, tume ikaundwa, magazeti yakapiga kelele, kisha ndipo sheria ikapitishwa. Wiki hii nataka tuzungumzie sheria ya ukaguzi ambayo haikutanguliwa na maiti hata moja. Ni sheria inayowataka wenye maofisi, maduka na mahoteli huko Ulaya wawaite wataalamu wakague viyoyozi vyao, si kwa kuwa vinaua, bali kwa kuwa vinakula umeme bure. Namna sheria hiyo ilivyozaliwa, na taabu iliyopata katika kutiiwa, ni habari yenye mafunzo hata kwetu sisi tunaoishi kwenye joto.

Tuanze na boila. Katika karne ya 19 viwanda vya Uingereza viliendeshwa kwa mvuke, na mvuke huo ulitengenezwa ndani ya mapipa makubwa ya chuma. Chuma kilipoliwa na kutu, au mtu alipoifunga vali ya usalama ili apate nguvu zaidi, pipa lilipasuka, likabomoa kiwanda na kuua waliomo. Huko Marekani, tarehe 27 Aprili 1865, boila za meli iitwayo Sultana zilipasuka katika mto Mississippi karibu na mji wa Memphis, wakafa watu zaidi ya 1,000. Wenye viwanda wa Manchester walikuwa wamekwisha kuunda chama chao mwaka 1854, kikawa kinatuma wakaguzi kwa wanachama wake, lakini kwa hiari. Serikali ilifuata nyuma polepole. Mwaka 1882 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuchunguza kila mlipuko wa boila baada ya kutokea. Mwaka 1901 sheria ya viwanda ndiyo iliyoagiza kwamba boila ya kiwandani ichunguzwe na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja katika kila miezi 14. Kutoka 1854 hadi 1901 ni miaka 47. Kwa hiyo, hata pale damu ilipokuwa inamwagika, sheria haikuwa na haraka.

Sasa tuje kwenye kiyoyozi. Mtambo huu haukubuniwa kwa ajili ya raha ya binadamu. Mwaka 1902 kijana mmoja mhandisi wa Marekani, Willis Carrier, mwenye umri wa miaka 25, alipewa kazi ya kutatua tatizo la kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York. Unyevu wa hewa ulikuwa unaivimbisha na kuinyausha karatasi, hata rangi moja ikichapwa leo na nyingine kesho, picha hazikai pamoja. Carrier alichora mtambo wa kupitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili kuupunguza unyevu. Kutoka kwenye karatasi, ubaridi ukahamia kwenye majumba ya sinema, kisha maduka, kisha maofisi. Baada ya vita kuu ya pili wasanifu walijenga maghorofa ya vioo ambayo madirisha yake hayafunguki kabisa. Jengo la namna hiyo bila kiyoyozi ni tanuri. Mafuta yalikuwa rahisi, umeme ulikuwa rahisi, na hakuna aliyeuliza mtambo unakula kiasi gani.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla, na kufikia mapema mwaka 1974 ilikuwa imeongezeka takriban mara nne. Nchini Uingereza, ambako mgogoro wa wachimba makaa ulikuwa umeongezeka juu ya ule wa mafuta, viwanda na maofisi mengi viliruhusiwa kutumia umeme siku tatu tu kwa wiki, tangu Januari hadi mwanzoni mwa Machi 1974. Hapo ndipo serikali za Ulaya zilipoanza kuyatazama majengo kwa jicho la hesabu. Lakini Ulaya ni nchi za baridi. Jicho lao lilitazama joto la ndani ya nyumba, si ubaridi. Katika agizo la Jumuiya ya Ulaya la Septemba 1993, nchi wanachama zilitakiwa ziweke utaratibu wa kukagua mara kwa mara mitambo ya kupasha joto yenye nguvu inayozidi kilowati 15. Wajibu wa namna hiyo haukuwekwa kwa viyoyozi.

Usidhani kwamba sheria ilikuwa haijakigusa kiyoyozi hata kidogo. Ilikuwa imekigusa, lakini upande ule unaoua. Mwezi Aprili 1985, katika hospitali kuu ya wilaya ya Stafford, Uingereza, bakteria walizaliana katika mnara wa kupozea maji wa mtambo wa kiyoyozi, wakasambazwa na hewa, na watu 28 wakafariki kwa ugonjwa wa mapafu uitwao legionela. Uchunguzi ulifanywa, na mwaka 1992 zikatungwa kanuni zinazomlazimisha kila mwenye mnara wa namna hiyo kuuandikisha kwa halmashauri ya mahali pake. Kwa upande unaoua, kutoka vifo hadi kanuni ilikuwa miaka saba. Kwa upande unaokula umeme, kutoka msukosuko wa mafuta wa 1973 hadi sheria ya kwanza ya Ulaya nzima ilikuwa miaka 29.

Sheria hiyo ni agizo namba 2002/91 la tarehe 16 Desemba 2002, kuhusu matumizi ya nishati katika majengo. Waliolitunga walieleza sababu zao waziwazi: viyoyozi vilikuwa vimeongezeka katika nchi za kusini mwa Ulaya, na saa ya jua kali vyote vinapowashwa pamoja, umeme unapanda gharama na mizani ya gridi inayumba. Kifungu cha 9 kiliagiza kwamba mitambo ya kiyoyozi inayozidi kilowati 12 ikaguliwe mara kwa mara. Mkaguzi atazame mambo mawili: je, mtambo unafanya kazi kwa ufanisi? Na je, ukubwa wake unalingana na mahitaji ya jengo? Kisha ampe mwenye mtambo ushauri wa kurekebisha, kubadilisha, au kutafuta njia nyingine.

Kilowati 12 ni kiasi gani? Hapa inahesabiwa nguvu ya ubaridi, si umeme unaoingia. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kinachouzwa madukani kama BTU 12,000 kinatoa ubaridi wa takriban kilowati 3.5. Vinne vya namna hiyo katika ofisi moja vinapita kiwango. Kwa hiyo sheria haikuwalenga wenye maghorofa peke yao. Iliwafikia hata wenye maduka ya kadiri.

England na Wales zilitunga kanuni zake mwaka 2007. Mitambo mikubwa inayozidi kilowati 250 ilipewa hadi tarehe 4 Januari 2009 iwe imekaguliwa. Iliyozidi kilowati 12 ilipewa hadi tarehe 4 Januari 2011. Baada ya hapo ukaguzi urudiwe kabla ya miaka mitano kupita. Mwenye wajibu ni yule anayeutawala mtambo. Jengo likibadilisha mikono, ripoti ikabidhiwe kwa anayeingia. Asipokabidhiwa, naye ana miezi mitatu ya kuhakikisha ukaguzi umefanyika.

Na wakaguzi walipoingia, walitakiwa kutazama nini? Ni mambo ambayo fundi yeyote wa Kariakoo anayajua. Chujio lililoziba vumbi. Kisanduku cha nje kilichobanwa ukutani, kinachovuta tena hewa ileile ya moto kinayoitoa. Gesi iliyovuja, mtambo ukawa unahangaika mchana kutwa bila kufikia ubaridi uliotakiwa. Saa ya kujiwasha iliyosahauliwa, ofisi ikapozwa Jumapili ilhali hakuna mtu. Katika maofisi ya Ulaya kuna na kioja kingine: mtambo wa joto na mtambo wa baridi vikishindana katika chumba kimoja, kila kimoja kikijaribu kukirekebisha kingine, na mita ikivihesabu vyote viwili.

Tatizo la hasara ya namna hii ni kwamba haijitangazi. Boila mbovu hupiga kelele, huvuja, na mwisho hupasuka. Kiyoyozi kibovu kinaendelea kutoa ubaridi. Mfanyakazi anastarehe, meneja anastarehe, na bili inapofika inalipwa na mhasibu ambaye hajawahi kupanda juu ya paa. Tena, katika majengo mengi ya kupangisha, aliyenunua mtambo ni mwenye jengo, lakini anayelipa umeme ni mpangaji. Mwenye jengo ana faida gani akinunua mtambo bora kwa bei kubwa? Na mpangaji ana faida gani akitengeneza mtambo wa mtu mwingine? Katikati ya wawili hao umeme unapotea kila siku, na hakuna aliyeiba.

Sasa tazama yaliyotokea. Katika miaka ya mwanzo ripoti ya ukaguzi ilibaki kwa mwenye jengo, bila kulazimika kuingizwa kwenye daftari la taifa. Serikali ilikuwa imetunga sheria, lakini haikuwa na orodha ya kuonyesha nani ametii na nani hajatii. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria bila daftari ni hivyo hivyo. Ilibidi ifike tarehe 6 Aprili 2012 ndipo kila ripoti ikalazimika kuandikishwa katika daftari hilo. Usimamizi ulikabidhiwa maofisa wa vipimo na mizani wa halmashauri, watu wenye kazi nyingi nyingine. Faini iliwekwa pauni 300. Kwa kampuni yenye ghorofa katikati ya London, pauni 300 ni nini?

Aidha, kuna jambo moja kubwa zaidi. Kanuni hizo zililazimisha kukagua, hazikulazimisha kutengeneza. Mwenye jengo aliyepokea ripoti yenye mapendekezo kumi angeweza kuiweka kabatini kwa miaka mitano, kisha akamwita mkaguzi mwingine aje aandike kumi yaleyale. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa sheria iliridhika na mtu kuja kuupima ufa na kuondoka.

Umoja wa Ulaya wenyewe uliyumba. Agizo la mwaka 2018 lilipandisha kiwango kutoka kilowati 12 hadi kilowati 70, ikimaanisha kwamba wafanyabiashara wadogo waliachiliwa, na nguvu zikaelekezwa kwa mitambo mikubwa na vifaa vya kielektroniki vya kuitawala. England na Wales, zilizotoka katika Umoja huo mwaka 2020 pamoja na Uingereza nzima, zilibaki na kilowati 12 zilezile zilizoletwa na Ulaya. Agizo jipya la mwaka 2024 likaongeza ukali kwa wakubwa: mitambo inayozidi kilowati 290 ikaguliwe angalau kila miaka mitatu. Wakati huohuo joto halikungoja mjadala. Tarehe 19 Julai 2022 kipimo cha Coningsby, mashariki mwa England, kilisoma nyuzi 40.3, ambazo hazijapata kurekodiwa kabla ya hapo nchini humo.

Je, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu viyoyozi si jambo la Ulaya tena. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba duniani kulikuwa na viyoyozi bilioni 1.6, na kwamba vinaweza kufika bilioni 5.6 ifikapo mwaka 2050. Vingi katika hivyo vitakuwa katika nchi za joto. Ni katika mji wetu jirani wa Kigali, mwezi Oktoba 2016, ambako mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za viyoyozi zinazoongeza joto la dunia.

Jirani mwingine, Kenya, alikwenda mbele katika jambo la ukaguzi. Kanuni zake za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliagiza kwamba kiwanda au jengo la biashara linalotumia umeme zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka lifanyiwe ukaguzi wa nishati angalau kila miaka mitatu. Hazikuishia hapo. Zilimtaka mwenye jengo atekeleze hatua za kupata angalau nusu ya akiba iliyotajwa na mkaguzi katika muda huo. Hapo Nairobi iliandika sharti ambalo London haikuliandika: baada ya kukagua, tengeneza. Kuandika ni jambo moja na kusimamia ni jingine, lakini angalau msimamizi alipewa kitu cha kudai.

Kwa maoni yangu, somo la historia hii ni kwamba tusingoje maiti, kwa kuwa hapa maiti haitatokea. Kinachopotea ni umeme ambao ungewasha pampu ya maji, mashine ya kusaga, au taa ya mwanafunzi katika mtaa ambao hukatiwa saa ya jioni. Sheria ya kuuokoa inahitaji mambo matatu: mkaguzi anayejua kazi, daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua, na sharti la kutengeneza lenye faini inayouma.

Na wewe unayefanya kazi katika jengo lenye viyoyozi huhitaji kungoja Bunge. Kesho ukifika kazini, muulize meneja maswali mawili: mitambo hii ilikaguliwa lini, na ripoti yake iko wapi? Akikujibu la kwanza akashindwa la pili, utakuwa umeielewa historia yote niliyoisimulia leo.